Mama Alisema Nimesafiri

Jumatatu, 6 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Mashuka, chai, mashuka tena. Mzazi mmoja Msomali alinikamata mkono uchungu ulipomzidi, akaniita sista. Sikumsahihisha. Mimi si sista wala mkunga. Mimi ni msaidizi wa wodi ya wazazi: natandika, nafuta, nashikwa mkono, kisha napisha wenye kazi yao wapite. Miaka saba napisha. Nimechoka kupisha.

Jioni darasani, Willesden. Kozi hii ya watu wazima ni ya sisi tulioikimbia skuli tukaijutia baadaye. Mimi niliiacha Unguja, kidato cha tatu. Nikaolewa, nikaletwa London, nikaachwa London. Nimebaki na Nasra, binti yangu, ana miaka kumi na tano na majibu yake yote ni ya Kiingereza. Na Mama, ambaye nilimleta mwenyewe baada ya baba kufariki.

Leo Mwalimu Wanjiru ametueleza jinsi ya kuomba chuo kikuu. Ni Mkenya wa Nyeri, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Mimi nilidhani mtu huenda chuoni, akauliza mkubwa yuko wapi, akajieleza. Kumbe hapana. Nchi nzima ina ofisi moja ya maombi. Unajaza mara moja tu. Unachagua vyuo, visizidi sita, unaandika ukurasa wa kujieleza, mwalimu wako anaandika ripoti yake, ofisi inapeleka mzigo wote kwa vyuo ulivyochagua. Mwisho wa kupokea ni katikati ya Januari. Baada ya hapo kila chuo kinaamua kivyake. Vingine vinakukataa kwenye karatasi. Vingine vinataka kukuona kwanza.

Nataka ukunga. Haya, nimeliandika.

Sijamwambia mtu. Kwetu jambo la heri likiwa bado changa hulisemi. Mimba huisemi mpaka tumbo liseme lenyewe, safari huisemi mpaka uko kwenye ndege. Watu wana macho.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimechagua vyuo vinne, vyote ukunga. Mwalimu anasema ukunga una nafasi chache kuliko karibu kila kitu, na waombaji wake wengi kupita kiasi. Ahsante mwalimu kwa kunitia moyo.

Ninachokitaka hasa ni kimoja, cha ng'ambo ya mto. Wanafunzi wake huja wodini kwetu. Nawaona wanaingia wanatetemeka, baada ya mwaka wanatoa amri. Nataka nitoe amri na mimi.

Ukurasa wa kujieleza umenishinda. Nimekaa nao tangu adhuhuri, Mama anadhani naandika barua ya mambo ya nyumba. Wanataka useme mimi ni hodari, mimi nina subira, mimi nafaa. Nani anasema hivyo? Kwetu mtu akikusifia biriani unasema chumvi imezidi. Nimechana kurasa tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Ramadhani. Nimefuturu na tende mbili ndani ya basi, kisha darasani. Mwalimu alinibakisha wenzangu walipotoka. Ukurasa wangu mkononi.

Akaniuliza, "Sasa Zuhura, ni nani hapa anaomba chuo? Ni wewe ama ni mamako?"

Nikasoma upya. Mama aliyetulea. Sista mkuu wa wodi na huruma yake. Wakunga walionifundisha. Mwenyezi Mungu. Mimi nilikuwa chini kabisa, mistari miwili: huwa nasaidia kidogo.

Kidogo! Nilimkanda mgongo mwanamke usiku kucha mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikuwa wa kwanza kuona yule aliyekuwa akivuja damu kimya kimya chini ya shuka, nikapiga kengele. Halafu nasaidia kidogo.

Mwalimu akasema yeye kwenye ripoti yake atanisifu, lakini hawezi kunisifu peke yake, huku mimi namkana kwenye ukurasa wangu. Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani Kilburn hasira ilikuwa imenigeukia mimi mwenyewe. Yuko sawa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeandika tena. Safari hii kila sentensi ina mimi ndani. Niliona. Nilishika. Niliita. Nilikaa. Hakuna uongo hata mmoja, na bado nilipomaliza nilisema astaghfirullah kama niliyesengenya mtu.

Jumanne, 25 Novemba

Idi. Wageni tangu asubuhi, viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Bi Rukia wa ghorofa ya chini alikuja na visheti vyake na maswali yake. Ni mtu wa kwetu, mkarimu, ukiumwa yeye ndiye wa kwanza na uji. Lakini habari ikimfikia Ijumaa, Jumapili iko Maskati. Akaniuliza mbele ya watu mbona jioni sionekani nyumbani. Nikasema kazi zimezidi. Akasema mmh. Mmh yake ni ndefu.

Mama alinitazama. Wageni walipoondoka akanivuta jikoni na kufunga mlango, na ndani hakuna mtu ila Nasra na vifaa vyake vya muziki masikioni. Kumbe siku nyingi amekiona kitabu changu chini ya godoro, kile chenye picha za nyonga na mji wa mimba. Masikini, alidhani ninaumwa nawaficha.

Nikamwambia. Yote. Nilitegemea aseme umri umekwenda, au aulize nani atampikia Nasra.

Akauliza, "Nani mwengine anajua?"

Mwalimu tu.

"Basi wewe, mimi na Mungu. Akiniuliza mtu, mimi sijui kitu."

Macho yake yalikuwa yanacheka. Nimelala kidogo baada ya hapo, nimeamka naona siko peke yangu.

Jumamosi, 10 Januari

Imekwenda. Tulikaa mbele ya kompyuta ya chuo cha Willesden, mwalimu na mimi, tukapitia kila kitu. Jina, tarehe, vyuo, ukurasa wangu, ripoti yake. Ripoti hakunionyesha. Simu nimetoa ya nyumbani, maana ya mkononi wodini naizima na nyumbani naisahau imezima. Mwalimu akabonyeza.

Basi? Nikauliza. Basi, akasema, sasa ni kusubiri.

Sina tabia ya kusubiri. Nimesugua jiko, bafu na ngazi ambayo si yangu.

Jumatano, 11 Februari

Vyuo viwili vimekataa. Barua za heshima, kila moja inasikitika. Kimoja kinasema sina bado cheti cha hesabu. Najua sina, mtihani ni Juni, si nimewaandikia?

Nililia kwenye chumba cha mashuka. Kisha nikakunja mashuka, yalikuwa yananisubiri.

Jumanne, 24 Februari

Cha tatu nacho. Sijalia. Nimepika ugali mgumu, Nasra ameuliza kwa Kiingereza chake kama ninajenga nyumba.

Kimebaki kimoja, cha ng'ambo ya mto. Kimya. Mwalimu anasema hao hawakatai wala hawakubali bila kumwona mtu. Wakimtaka mtu wanampigia simu wampe siku ya usaili. Kwa hiyo kimya si kibaya, anasema. Nimemwambia Mama vyuo vitatu vimekataa na kimoja bado. Habari ya simu sikumwambia. Sikuona sababu.

Ijumaa, 5 Machi

Sijui nianze wapi.

Nilirudi kazini nikamkuta Mama amepika mchuzi wa nazi wa nguru na uso unamng'aa. Anakula polepole kama mtu mwenye jambo. Mwisho akalitoa.

"Wale wambea wako nimewakomesha."

Nikauliza wambea gani.

"Wanaopiga simu. Mwanamke, Kiingereza kitupu. Jina lako lote analijua, mpaka la babu yako. Na habari ya ukunga anayo. Nikajua tu, huyu katumwa na Rukia. Nikamwambia Zuhura kasafiri. Juzi kapiga tena. Nikamwambia kasafiri, karudi kwao, huku harudi, na mambo ya vyuo hana habari nayo."

Kiingereza cha Mama ni cha dukani na kwa daktari. Kwa kukana kinatosha.

Nilimpigia kelele. Sijawahi katika maisha yangu kumpigia mama yangu kelele. Nikamwambia kile kilikuwa chuo, Mama, chuo chenyewe, cha mwisho. Kijiko kikabaki hewani. Nasra akatoka chumbani mwake. Mama akakiweka kijiko sahanini. Alikwenda kukaa kitandani kwake, miguu haifiki chini, akitazama ukuta.

Baadaye hasira iliposhuka nilikumbuka kitu ambacho Mama amenisimulia mara moja tu. Mwaka wa Mapinduzi alikuwa bibi harusi mpya, Malindi ya Unguja. Wanaume walikuwa wakibisha hodi na kuuliza fulani yuko wapi. Siku waliyomuulizia kaka yake, Mama alisimama mlangoni akasema kasafiri. Kaka yake alikuwa juu ya dari. Mjomba aliishi mpaka uzee kwa neno hilo. Kwa Mama, mtu usiyemjua akikutajia jina kamili la mtu wako, jibu ni moja. Halifikirii. Linatoka.

Alinilinda. Wallahi, alinilinda barabara. Amenifungia mlango akidhani anafukuza wezi.

Nina hasira na nina huruma, na sijui kipi kikubwa.

Jumatatu, 8 Machi

Nilipiga simu wakati wa mapumziko, kwenye korido ya wodi. Kijana mmoja, mpole. Jina langu lipo, anasema, lakini jalada limefungwa: mwombaji ameondoka nchini, hataki tena. Nikasema mwombaji ndiye anayezungumza. Akasema anaelewa, lakini nyumbani kwangu wamesema hivyo mara mbili, na siku ya mwisho ya usaili ni Jumatano ya wiki ijayo, imejaa. Atamuuliza mhadhiri anayesimamia maombi.

Saa moja baadaye akanipigia ya mkononi; leo sikuizima. Huyo mhadhiri anauliza, aliyesema nimesafiri ni nani, na mbona alisema hivyo? Inaonekana wanahofia nyumbani kuna mtu hataki nisome, nitaanza kisha nitaacha. Wameona mengi ya namna hiyo. Wangependa kumsikia mtu huyo mwenyewe.

Jioni nilimweleza Mwalimu Wanjiru. Alicheka mpaka akashika ubao. Mimi sikucheka. Akapangusa macho, akasema ni rahisi: aliyefunga ndiye afungue.

Rahisi kwake. Mama apige simu kwa mgeni, amtajie jina langu, amwambie ninachotaka kabla hakijawa? Afadhali nimwombe avuke bahari kwa miguu.

Jumanne, 9 Machi

Leo sitaisahau.

Nilimweleza Mama asubuhi, polepole, bila kumlazimisha. Tangu Ijumaa alikuwa haongei nami ila kwa mambo ya chai. Akanisikiliza. Akaingia chumbani. Nikadhani ndiyo mwisho wa habari.

Akatoka amevaa buibui na mtandio wake wa kutokea, kwa ajili ya simu ya sebuleni tu. Akakaa kwenye kiti kilichonyooka. Nasra akajitolea kumsemea. Mama akamwashiria akae. Akasema bismillahi, akaniambia nibonyeze namba.

Alizungumza Kiingereza chake, neno moja moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Mimi mama wa Zuhura. Mimi nilisema kasafiri. Uongo. Hajasafiri. Yupo hapa mbele yangu. Mimi mtu mzima, niliogopa. Sasa nisikilize. Mwanangu miaka saba anashika wazazi mikono. Mwanangu anajua. Mwanangu hodari. Hakuna kama yeye. Mtazame mwenyewe."

Akanipa simu kama anayenipa mtoto mchanga. Mikono yake ilikuwa baridi.

Sijawahi kumsikia Mama akinisifu. Si mbele za watu, si faragha. Nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza alisema viatu vyako vinahitaji rangi. Leo amenisifu kwa mzungu asiyemjua, kwa lugha asiyoijua, mchana kweupe. Hata wasiponichukua, hili nimelipata.

Upande wa pili mwanamke, si yule kijana, akasema jina lake na kwamba yeye ndiye msimamizi. Sauti yake ilikuwa ya upole. Jumatano, akasema. Kuna mwombaji mwengine amejitoa. Huyo amejitoa kweli, wamehakikisha.

Nilipoweka simu Mama alikuwa tayari jikoni anavua buibui. Akasema nisimwambie mtu.

Jumatano, 17 Machi

Usaili. Naandika ndani ya treni ya kurudi, nisamehewe mwandiko.

Asubuhi mtihani mdogo wa hesabu na wa kusoma. Hesabu za dawa, asilimia, si mbaya. Kisha chumba chenye meza ya duara na watu watatu. Mmoja ni yule msimamizi, nywele nyeupe fupi, miwani shingoni. Akanitazama akasema kumbe safari ilikuwa njema. Nikacheka, wakacheka.

Wakauliza kwa nini ukunga. Nikawajibu. Kila jibu lilikuwa na mimi ndani na sikuomba msamaha.

Kisha yule wa nywele nyeupe akauliza swali ambalo nadhani humuuliza kila mtu. Kuna wanawake, alisema, hasa wa jamii za wageni, wanakuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba imeshakuwa kubwa. Vipimo vya mwanzo vimewapita. Kwa nini, na ungefanya nini?

Nilijua jibu la kitabu. Lugha, usafiri, hofu ya makaratasi. Nililianza. Nikaliacha.

Nikawaambia, mnamkumbuka mama yangu? Yeye si mjinga wala hakuwa dhidi yangu. Alikuwa ananitakia heri, na kwetu heri changa hufichwa. Mwanamke anayekuja amechelewa wengi wenu mnadhani hajali. Huenda anajali kuliko wote, ndiyo maana kaificha. Halafu kliniki inapiga simu nyumbani, anapokea mama mkwe, sauti ngeni inataja jina kamili. Jibu ni kasafiri. Mnamfutia miadi. Mnaandika hakuja.

Mimi ningefanyaje? Nisingeacha ujumbe kwa mtu wa nyumbani. Ningemuuliza yeye mwenyewe, siku ya kwanza, peke yake, nikupate vipi bila mtu kujua? Nisingeanza na mbona umechelewa. Ningeanza na karibu. Na kuuliza nani anajua ningeuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kuna siku jibu litakuwa ni wewe tu.

Wale wawili waliandika. Wa nywele nyeupe aliweka kalamu chini. Akaniuliza zaidi, na zaidi, mpaka mwenzake akamwonyesha saa. Mlangoni alinipa mkono. Hakusema kitu cha ahadi, hawaruhusiwi.

Sijui. Nilizungumza vizuri. Nalisema tena: nilizungumza vizuri. Hata wakinikataa, sitasema nilisaidia kidogo.

Jumamosi, 27 Machi

WAMENICHUKUA.

Kwa masharti. Niimalize kozi ya Mwalimu Wanjiru kwa ukamilifu na nifaulu hesabu ya taifa. Wanaiita ofa yenye masharti: kiti ni chako, lakini mguu mmoja uko hewani mpaka matokeo. Unakubali, jina lako linakaa, wanakusubiri mpaka Agosti. Ukikosa sharti, kiti kinakwenda kwa mwengine.

Nimeisoma barua mara sijui ngapi. Nasra alinirukia mgongoni, alisahau Kiingereza, akasema Mama umeshinda, umeshinda.

Mama yangu alifunga dirisha kwanza. Kisha mlango. Kisha akajifunika mdomo kwa kanga akapiga kigelegele ndani yake, kidogo, kama birika linalokaribia kuchemka. Tukaanguka kwa kicheko wote watatu.

Jumapili, 18 Aprili

Hesabu. Nasra ananifundisha mezani. Ana subira kuliko niliyokuwa nayo mimi kwake alipokuwa anajifunza Juzuu Amma. Namshukuru na sitamwambia mpaka Juni.

Ijumaa, 21 Mei

Zamu mbili mfululizo. Miguu kama si yangu. Mkunga mmoja kijana aliniamuru kwa ukali mbele ya mzazi. Nilimpisha. Nikasema moyoni, haya, amuru tu, siku zako za kunipisha zinakuja. Nimeona aibu kidogo kwa fikra hiyo. Kidogo sana.

Jumatatu, 14 Juni

Mtihani. Ukumbi wa watoto wa miaka kumi na sita na mimi na mzee mmoja wa Jamaika. Swali la mwisho sikulimaliza. Mengine nimejibu. Nimerudi nikalala na viatu.

Jumatano, 7 Julai

Kozi nimemaliza. Kila somo limepita. Mwalimu Wanjiru alinipa mkono, kisha akaona mkono hautoshi, akanikumbatia. Nikamuuliza aliandika nini kwenye ripoti yake. Akasema hilo ni kati yake na vyuo. Imebaki hesabu.

Jumatano, 25 Agosti

Kesho matokeo ya hesabu. Sina la kuandika. Nina hofu tupu.

Alhamisi, 26 Agosti

Nimefaulu!

Nilichukua bahasha Willesden nikashindwa kuifungua. Mwalimu akaniambia kwa Kikenya chake, ifungue, hiyo ni karatasi tu. Nikaifungua. Alama ile ile waliyoitaka, si zaidi. Sihitaji zaidi. Nilipiga simu chuoni palepale nje ya lango, kijana yule yule mpole akapokea, akanitambua. Jina lako limethibitishwa, akasema. Mguu uliokuwa hewani umekanyaga chini.

Nilitembea kutoka Willesden mpaka nyumbani. Basi limepita, sikulipanda. Nilitaka kila mtu wa barabara ya Kilburn anione nikitembea. Nilikuwa natabasamu kwa watu wasionijua, wengine wakashika mikoba yao.

Mama alikuwa dirishani. Alipoona uso wangu hakuuliza. Alilifungua dirisha mpaka mwisho wake akapiga vigelegele vya Unguja kabisa, vile vya harusini, juu ya maduka na mabasi. Mwenye duka la simu alitoka nje kutazama. Akapiga tena.

Bi Rukia akapanda ngazi mbio, mkono una unga. Mama akamwambia mwenyewe, kwa kifua, Zuhura kaingia chuo kikuu, atakuwa mkunga.

Bi Rukia akakaa kwenye kiti akaanza kulia. Kisha akasema, "Nilijua tangu Oktoba. Nilikuona Willesden na mkoba wa vitabu. Nikajisemea Rukia, hili lifungie mdomo, usije ukamtia jicho mtoto wa watu."

Karibu mwaka mzima. Bi Rukia! Mama akamkamata mikono yote miwili na unga wake. Nasra anauliza kwa nini watu wazima wanalia mtu akifaulu. Mimi sikulia. Nilikuwa nacheka, sikuweza kuacha.

Jumatatu, 20 Septemba

Siku ya kwanza. Mvua nyepesi, basi, treni, kutembea. Ukumbi mkubwa. Wengi ni rika la kuwa wanangu. Mama mmoja wa Ghana amenizidi umri, tumekaa pamoja. Wametueleza ratiba, sare, wodi. Kabla ya kumaliza kila mmoja wetu atapokea watoto arobaini kwa mikono yake mwenyewe.

Nimerudi nikamkuta Mama amechelewesha chakula kwa ajili yangu. Nikamweleza habari ya watoto arobaini. Alitafuna, akaonekana anahesabu. Akasema yeye atataka kujua jina la mtoto wa kwanza.

Tukanywa chai. Akasema siku ya kuvishwa joho atakuja, atakaa safu ya mbele, na asijaribu mtu kumkalia mbele yake. Akauliza itakuwa mwaka gani. Nikamtajia. Akasema sawa, atakuwepo.

Akabeba vikombe. Inshallah aliisema akiwa ameshafika jikoni, maji yanatiririka.